Kampuni kubwa za malori njia ya Dar–Tunduma–Kopabelti: zilianzaje, na faida yao iko wapi?

Mwanakwetu_Mafinga

Wakuu, salaam.

Naandaa mchanganuo wa kampuni ya usafirishaji, magari 20 ya kuanzia, njia ya Dar kwenda Zambia (Kopabelti, ukanda wa migodi ya shaba) na Kongo ya kusini. Mjadala wa "malori yanalipa" au "hayalipi" naomba tuuache, umejaa kila mahali. Kwa wanaoijua kazi hii kwa undani nina maswali matatu.

La kwanza ni historia. Nani walianza kubeba mizigo mikubwa njia hii, na kwa nini kazi ilihama kutoka mashirika ya serikali kwenda kwa watu binafsi?

La pili, barabara ni moja, mizani ni ile ile na dizeli wote tunanunua. Inakuwaje mwenye magari 200 anazidi kuongeza, na mwenye matano anauza kichwa kimoja kimoja?

La tatu ni mizani. Gari la ekseli 6 lina jumla ya tani 46, chini kabisa ya tani 50 zinazoruhusiwa, na bado linakamatwa. Hiyo hesabu ikoje?

Mzee_wa_Kapiri

Nianze na la historia, kwa sababu la pili limejificha humo humo.

Tarehe 11 Novemba 1965 Ian Smith alijitangazia uhuru wa Rhodesia. Zambia ilikuwa na mwaka mmoja tu tangu ipate uhuru, na karibu milango yake yote ya maana ilielekea kusini: shaba ilishuka kwa reli ya Rhodesia hadi bandari ya Beira, Msumbiji, na mafuta yalipanda kwa reli hiyo hiyo. Desemba mwaka huo mafuta yakakatwa. Ndege zikaanza kubeba mapipa, lakini migodi ya Kopabelti haiendeshwi kwa mapipa ya ndege. Kilichobaki ni barabara ya Dar–Morogoro–Iringa–Mbeya–Tunduma, ambayo sehemu kubwa ilikuwa udongo mtupu. Masika ilikuwa tope, kiangazi vumbi ambalo dereva wa nyuma haoni tela la mbele. Madereva wa kigeni waliiita njia ya jehanamu.

Mwaka 1966 ikaundwa Zambia-Tanzania Road Services, kampuni ya kwanza kubwa kweli ya malori njia hii. Hisa ziligawanywa hivi: Tanzania asilimia 35, Zambia asilimia 35, na asilimia 30 zilikuwa za Intersomer ya Italia. Hapo ndipo Fiat zilipoingia njia hii kwa wingi. Angalia mzigo wake: kupanda ni mafuta na bidhaa za Zambia, kushuka ni shaba kwenda bandarini. Gari lilikuwa na kazi pande zote mbili. Shika hilo, utalikuta tena chini.

Mwaka 1968 bomba la TAZAMA likafunguliwa, kilomita 1,710 kutoka Dar hadi Ndola. Mafuta yakahamia kwenye bomba, na malori yakapoteza sehemu kubwa ya mzigo wa kupanda huku shaba ya kushuka ikiwa bado ipo. Kisha Januari 1973 mpaka wa Rhodesia na Zambia ukafungwa, na Agosti 1975 reli ya Benguela, ya kwenda Atlantiki kupitia Angola, ikasimama kwa vita vya huko. Mzigo mwingi ukageukia Dar. Bandari ikaelemewa, na kwa bahati njema lami ya barabara kuu ilikuwa imeshafika Tunduma mwanzoni mwa miaka hiyo ya 1970.

TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, ilijengwa kati ya 1970 na 1975 na kukabidhiwa 1976: kilomita 1,860 hadi Kapiri Mposhi, iliyokusudiwa kubeba tani milioni 2 kwa mwaka. Watu walidhani malori yamekwisha. Hayakwisha. Oktoba 1978 Zambia ikafungua tena njia ya kusini, reli ikaanza kuhangaika na injini na vipuri, na mwenye mzigo wa haraka akarudi kwa lori. Soko lilipofunguliwa katikati ya miaka ya 1980 na kuendelea miaka ya 1990, watu binafsi walikuta barabara ya lami tayari, wateja wapo, na mashirika ya umma yamebaki na magari mabovu na vipuri vya kuagiza kwa vibali.

Wimbi la pili ni la Kongo. Sheria ya madini ya 2002 ilivuta wawekezaji Katanga, eneo la migodi kusini mwa Kongo, na leo Kongo ni ya pili duniani kwa kuzalisha shaba baada ya Chile. Kampuni kubwa unazoziona sasa kwenye lami zimekua kwa shaba na kobalti ya Kolwezi na Likasi, pamoja na mafuta, salfa na mashine zinazopanda kwenda huko.

Bandari_Kavu

Mzee kamaliza ya zamani, mimi naingia swali la pili.

Mkuu, chukua Dar–Lubumbashi, weka karibu kilomita 2,000. Kwenda na kurudi ni 4,000. Gari likitembea wastani wa kilomita 450 kwa siku, magurudumu yanazunguka siku 9 tu. Sasa uliza gari lako linarudi Dar baada ya siku ngapi. Kama ni siku 30, siku 21 limesimama: bandarini likisubiri kupakia, Nakonde (mpaka wa kuingia Zambia), Kasumbalesa (mpaka wa kuingia Kongo), getini mgodini, likisubiri mzigo wa kurudi. Mkopo, bima, mshahara na leseni haviangalii kama tairi linazunguka. Tuseme gari moja linakula dola 100 kwa siku likiwa limesimama (weka namba yako): siku 21 ni dola 2,100 kila mzunguko. Kampuni kubwa ikipunguza mzunguko kutoka siku 30 hadi 22, imepata dola 800 kwa kila gari bila kumpandishia mteja hata senti.

Wanapunguzaje? Kwa vitu ambavyo mwenye magari matano hana uwezo navyo. Wana mtu wao mpakani kila upande. Nyaraka zinatangulia, gari linafuata. Wana tela nyingi kuliko vichwa, kwa hiyo kichwa kinaacha tela likishushwa na kuondoka na lingine lililokwisha kupakiwa. Wana kichwa cha akiba Mbeya au Iringa. Na wana mkataba wa mwaka mzima na mgodi, sio dalali wa yadi.

Halafu mzigo wa kurudi, na hapa ndipo wengi wanakosea wanaponunua tela. Tanki la mafuta linapanda na dizeli na linashuka tupu, hakuna namna ya kupakia shaba ndani ya tanki. Ina maana bei ya kwenda lazima ilipe kilomita zote 4,000. Tela la sakafu bapa lenye kufuli za kontena linapanda na kontena, mashine au salfa ya mifuko, na linashuka na shaba. Nimeona michanganuo mingi iliyochukua bei nzuri ya mafuta ya kupanda ikailinganisha na bei ya tela bapa ya kupanda, basi, ikaishia hapo. Linganisha mzunguko mzima.

Tahadhari ya salfa: vumbi lake likikaa na unyevu linatengeneza tindikali, linakula chuma cha tela na kutoboa sakafu. Fagia kwanza, kavu kabisa, ndipo uoshe kwa maji mengi, na fanya hivyo siku ile ile ya kushusha. Shaba ikipakiwa juu ya mabaki ya salfa inapata madoa na mteja anaikataa.

Jambo lingine ni mtaji wa kuzungusha. Gari lililopakia linakula wastani wa lita 45 hadi 50 kwa kilomita 100 njia hii ya milima. Mzunguko wenye mzigo pande zote ni karibu lita 1,900. Magari 20 ni lita 38,000 kwa mzunguko mmoja. Dizeli unailipa leo. Mgodi unakulipa siku 45 au 60 baada ya kupeleka hati ya kupokelea mzigo yenye muhuri. Ukiwa na mizunguko miwili ndani ya siku hizo 60, unadai kote na hujalipwa popote. Mwenye magari matano anauza kichwa wakati vitabu vyake vinaonyesha faida.

Dada_Ekseli

Swali la tatu ni langu. Kaka, uzito wa jumla ni kipimo kimoja tu. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya udhibiti wa uzito inapima kila ekseli au kundi la ekseli peke yake:

ekseli ya usukani, tani 8;
ekseli mbili za kusukuma (za nyuma ya kichwa) zenye tairi 8, tani 18;
ekseli tatu za tela zenye tairi 12, tani 24.

Jumla ni 50. Ekseli 7 zinaruhusiwa hadi tani 56. Ukiweka tairi pana moja moja badala ya mbili mbili, kundi la tatu linashuka hadi tani 22.5, kwa hiyo usinunue tela la tairi pana kabla hujapiga hesabu.

Sasa hesabu yenyewe. Chukua tela la mita 12, umbali kutoka kingpini (pini ya mbele ya tela inayoshikwa na kichwa) hadi katikati ya ekseli tatu ni mita 7.7. Tela tupu lina tani 7: tani 2 zinakaa kwenye kingpini, 5 kwenye ekseli zake. Kichwa kina tani 9 kikiwa na mafuta: 5 mbele, 4 nyuma. Mzigo ni tani 30 za shaba.

Shaba ya kathodi (mabamba ya shaba safi) inakuja kwa mafungu yaliyofungwa mikanda ya chuma, kila fungu tani 2 hadi 2.5. Ni mafupi na mazito ajabu: mafungu 13 yanakwisha kupakiwa na sakafu bado ni tupu sehemu kubwa. Mpakiaji asiyejua anayarundika mbele ili yasiteleze, na hapo ndipo kosa linapozaliwa.

Tuseme kitovu cha mzigo kimekaa mita 4.0 kutoka kingpini. Mzigo unaoangukia ekseli za tela ni 30 mara 4.0 gawanya kwa 7.7, yaani tani 15.6. Unaobaki, tani 14.4, unaangukia kichwa. Ongeza tani 2 za tela, kingpini inabeba 16.4. Sahani ya kichwa, inayoshika kingpini, iko kama sentimita 30 mbele ya katikati ya ekseli za kusukuma, kwa hiyo tani 1.3 hivi zinakwenda mbele na 15.1 zinabaki nyuma. Matokeo: usukani 6.3, kusukuma 19.1, tela 20.6. Jumla 46.0, umekamatwa kwa kuzidisha tani 1.1 kwenye ekseli za kusukuma, na tela bado lina nafasi ya tani 3.4.

Sogeza mzigo ule ule nyuma nusu mita, kitovu kiwe 4.5. Tela linapata 22.5, kusukuma 17.4, usukani 6.1. Unapita bila neno.

Ukisogeza zaidi hadi mita 5.1, tela linafika 24.9 na umezidisha upande wa pili. Kwa gari hili nafasi salama ni kati ya mita 4.4 na 4.8. Sentimita 40 tu! Piga mstari wa rangi sakafuni kwenye mita 4.6 na mwelekeze mpakiaji agawe mafungu sawa mbele na nyuma ya mstari huo. Kisha fungia vizuizi vya mbao vilivyopigiliwa, minyororo na mikanda, maana kila fungu lazima lizuiwe mbele kwa mbao au chuma, usitegemee msuguano.

Mambo matatu yanayoharibu hesabu hii hata kama umepakia vizuri. La kwanza ni mafuta: lita 800 za dizeli ni karibu kilo 670, na gari lililopimwa tanki likiwa nusu litasoma tofauti likijaza. La pili ni mvua: turubai likituama maji au mbao zikilowa, kilo mia kadhaa zinaongezeka. La tatu ni springi za tela. Kundi la ekseli tatu linapimwa pamoja, kwa hiyo springi iliyovunjika haikukamatishi mizani, lakini ekseli moja inabeba mzigo wa mwenzake na tairi zake ndizo zitakazopasuka Mikumi.

Kuna uvumilivu wa asilimia 5 kwenye ekseli. Usipakie kwa kuuhesabia. Umewekwa kwa ajili ya tofauti za mizani na mzigo kusogea, na kati ya Vigwaza, Mikese, Wenda, Makambako na Mpemba, huwezi kujua mizani ipi itasoma kilo 200 juu ya nyingine.

Mwanakwetu_Mafinga

Dada, hii ya mstari wa rangi nimeichukua kama ilivyo. Asante sana.

Bandari_Kavu, nimekuelewa kuhusu tanki kurudi tupu. Lakini mbona kampuni kadhaa kubwa zina matanki kwa mamia? Na hili la "upungufu wa mafuta" unaokatwa kwenye mishahara ya madereva, ni wizi kweli kila safari?

Bandari_Kavu

Wana matanki kwa sababu mafuta yana mzigo wa uhakika mwaka mzima, na kupakia na kushusha ni haraka kuliko kontena linalosubiri meli. Tanki likizunguka haraka linaweza kulipa safari tupu ya kurudi. Tena tupu linakula kama theluthi mbili tu: lita 28 hadi 32 kwa kilomita 100. Kinachoua ni tanki linalosubiri kushusha siku kumi.

Kuhusu upungufu, wizi upo, hakuna wa kubisha. Lakini kabla ya kumkata dereva, piga hesabu ya joto. Dizeli inapanuka na kusinyaa kwa takriban 0.083 ya asilimia kwa kila nyuzi 1. Ukipakia lita 36,000 Dar mafuta yakiwa na nyuzi 32, ukashusha Kolwezi alfajiri yakiwa nyuzi 20, tofauti ni nyuzi 12. 36,000 mara 0.00083 mara 12 ni lita 359. Hazikuibwa, zimesinyaa. Uzito ni ule ule.

Dawa yake ni mkataba unaosema ujazo wote utahesabiwa kwa nyuzi 20, na joto na densiti vinaandikwa kwenye hati ya kupakia na ya kushusha. Kama hati ya kushusha haina joto, dereva asisaini. Angalia pia cheti cha Wakala wa Vipimo cha tanki lenyewe: kila chumba kina ujazo wake, na tanki lililobonyezwa au kutengenezwa baada ya ajali halina tena ujazo ulioandikwa.

Fundi_Mbalizi

Naongeza upande wa gari, kwa sababu mchanganuo mwingi unaandika "matengenezo asilimia fulani" halafu unaendelea.

Gari la ekseli 6 lina tairi 22, weka 24 na za akiba mbili. Baada ya dizeli, tairi ndizo zinazokula zaidi. Upepo wa 315/80R22.5 au 12R22.5 chini ya mzigo ni psi 115 hadi 125 kulingana na maandishi ya tairi, upimwe asubuhi tairi ikiwa baridi. Tairi ya ndani ndiyo inayosahaulika: ikipungua upepo, ya nje inabeba za wote wawili, zote zinachemka, na mabaki yake ndiyo hayo unayoyaona barabarani. Utingo anayegonga kwa nyundo atajua iliyoisha kabisa. Iliyopungua psi 25 hataijua, mnunulie geji. Tairi zilizovikwa upya weka kwenye tela, usiweke usukani.

Kingpini mpya ina kipenyo cha milimita 50.8. Ikifika 49 ibadilishwe, hakuna "safari moja ya mwisho". Pima kwa kipimo chake maalumu, jicho halioni tofauti hiyo.

Sasa miteremko ya Kitonga na Iwambi. Gari la tani 46 likishuka mita 500 za wima linatoa joto sawa na kuchoma zaidi ya lita 6 za dizeli, na kama breki za miguu ndizo zinazoshika kila kitu, joto hilo lote linaingia kwenye ngoma. Ngoma inapanuka, inajitenga na bitana, dereva anazidi kukanyaga na gari halishiki. Wenyewe tunasema breki zimechemka.

Namna ya kushuka: chagua gia kabla ya kuanza mteremko, sio katikati. Breki ya injini iwake, mzunguko ukae kwenye eneo ambalo mtengenezaji amesema inashika vizuri, kwa injini nyingi ni karibu 1,900 hadi 2,300. Ukiona mwendo unapanda, kanyaga breki kwa nguvu ya kutosha hadi ushuke kama kilomita 10 kwa saa, kisha achia kabisa ili ngoma zipoe. Kukanyaga kidogo kidogo mfululizo ndiko kunakochemsha. Na kabla ya mteremko, pima urefu wa msukumo wa fimbo za breki kila gurudumu. Gurudumu moja lililolegea linawaachia mengine kazi yake.

Kipanga_255

Fundi nakuunga mkono, ila madereva wengi watakwambia wakiweka niutro kwenye mteremko wanaokoa lita nyingi, ndiyo maana mafuta ya posho yanabaki. Kwenye miteremko midogo ile ya Mafinga–Makambako si kweli wanaokoa?

Fundi_Mbalizi

Kwa injini ya kielektroniki, hapana. Ukiwa ndani ya gia na mguu umeondoka kwenye mafuta, kompyuta inafunga kabisa mafuta, matumizi ni sifuri. Ukiweka niutro, injini lazima ichome ili isizime, lita 2 hadi 3 kwa saa. Kwa hiyo kwenye mteremko wa kushikiza, niutro inatumia zaidi. Kinachobaki kwenye hoja yao ni kwamba kwenye mteremko mwepesi sana gari linatiririka mbali zaidi bila kushikwa na injini. Magari mapya yanafanya hivyo yenyewe, kwa mwendo na mwinuko ambao kompyuta imeupima, na yanarudi ndani ya gia yenyewe. Dereva wa shaba tani 30 akifanya kwa mkono, akishindwa kurudisha gia, hana breki ya injini na amebaki na ngoma tu. Kampuni kubwa zinasoma hilo kwenye kifaa cha ufuatiliaji na zinakata posho au kuachisha kazi. Mafuta yanayobaki kwenye posho mara nyingi yametokana na hesabu ya posho kuwa ya juu, hayakutoka kwenye niutro.

Mama_Nyaraka_Tunduma

Hamjagusa karatasi, na siku nyingi zinapotea huko. Nitakuwa mfupi.

Tangu kituo cha pamoja cha Tunduma na Nakonde kilipofunguliwa 2019, gari linaloingia Zambia linakaguliwa na pande zote mbili upande wa Nakonde, na linaloingia Tanzania linakaguliwa Tunduma. Foleni iliyobaki sehemu kubwa ni ya magari ambayo nyaraka zake hazijakamilika, na hayo yanawazibia njia waliokamilisha.

Mzigo wa kwenda Kongo unahitaji, mbali na ankara, orodha ya vifungashio na hati ya shehena, cheti cha FERI cha OGEFREM, shirika la Kongo linalosimamia shehena. Kikikosekana utagundulika Kasumbalesa, kilomita karibu 2,000 kutoka kwa mtu anayeweza kukishughulikia. Bima ya Kadi ya Njano ya COMESA nayo ni lazima kwa gari. Tanzania ilijitoa COMESA mwaka 2000 lakini imebaki kwenye mpango huo wa bima, hivyo unakata hapa hapa nyumbani.

Wakala wa Zambia atangulize tamko la mpito mapema, gari likiwa bado Iringa, likifika Tunduma liwe limeshasomeka. Vitu vinne lazima vifanane kila mahali, herufi kwa herufi: namba ya kichwa, namba ya tela, namba ya kontena na namba ya lakiri. Nafasi moja au herufi O badala ya sifuri kwenye T1 (hati ya forodha ya mzigo wa mpito), gari linalala.

Na kuhusu kichwa cha akiba alichosema Bandari_Kavu: kubadilisha kichwa hakuvunji lakiri, lakini namba ya kichwa kipya lazima irekebishwe kwenye T1 kwa forodha kabla gari halijaendelea. Kuhamisha mzigo kutoka tela moja hadi jingine ni suala lingine kabisa. Hilo linafanyika mbele ya afisa wa forodha tu. Ukihamisha porini kwa sababu tela limevunjika, umevunja lakiri, na dhamana ya mzigo inaweza kudaiwa yote, kodi kamili kana kwamba bidhaa imebaki Tanzania.

Mwanakwetu_Mafinga

Nimepata zaidi ya nilichoomba. La mwisho: kwa vichwa 20, mngegawaje tela, na kitu gani kisikosekane kwenye mkataba na mgodi?

Bandari_Kavu

Kwa mwaka wa kwanza ningechukua tela bapa 24 zenye kufuli za kontena, tanki hapana. Hizo 4 za ziada zikae Kopabelti zikipakiwa wakati vichwa viko njiani. Kichwa kimoja kati ya 20 kisipangiwe safari, kikae Mbeya na fundi, tairi 4 na betri mbili. Mhasibu atalalamika kwamba hakiingizi. Mwache alalamike hadi siku kichwa cha kwanza kitakapokatika Igawa kikiwa na shaba: bei ikiwa dola 9,000 kwa tani, mzigo wa tani 30 ni dola 270,000 zimelala barabarani na dereva na utingo peke yao.

Kwenye mkataba: bei ya dizeli ya siku ya kusaini iandikwe, na nauli ipande au kushuka pamoja nayo, kwa kanuni iliyoandikwa. Saa za bure za kupakia na kushusha ziwe wazi, tuseme 48 kila upande, zihesabiwe kuanzia gari linapoandikishwa getini. Wakiandika "linapoitwa ndani", unaweza kusubiri wiki na saa zikasoma sifuri. Gharama ya kila siku baada ya hapo iwe kwa dola. Na dereva apige picha ya kitabu cha geti siku anayofika, ukurasa wote uonekane pamoja na mistari ya juu na chini yake, kwa sababu mgodi nao una kitabu chake.

Dada_Ekseli

Ongeza kipengele kimoja: mzigo ukipakiwa na wafanyakazi wa mgodi, faini ya ekseli ni ya nani? Waandike kwamba gari halitoki getini bila karatasi ya mizani yao ya ndani inayoonyesha kila kundi la ekseli, jumla peke yake haitoshi. Kama wana mizani ya jumla tu, dereva apande kwa hatua: ekseli ya usukani kwanza, asome, kisha kichwa kizima, asome, kisha gari zima. Kutoa namba moja kwenye nyingine kutampa makundi yote matatu, mradi sehemu ya kabla na baada ya sahani ya mizani iko sawa na yenyewe. Ikiwa na mwinuko wa hata sentimita chache, usomaji wa ekseli unadanganya na hesabu yote ya sentimita 40 inapotea.